Kabla ya Kuhubiri Soko Huru Eldoret: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Orodha hii ni ya watu wawili. Wa kwanza hufika Eldoret na projekta, akakodi ukumbi wa hoteli na kufundisha kwamba biashara binafsi huzaa demokrasia. Wa pili ni mkulima wa Uasin Gishu aliyeketi safu ya nyuma, akisubiri chakula cha mchana na nauli ya kurudi Moiben. Kila mmoja humwona mwenzake ndiye anayehitaji somo. Wote wawili wanalihitaji.

Usianze na habari za Poland. Hapa kwetu yapo ya kusimulia. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakaizuilia Kenya misaada mipya. Desemba kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Mwaka 1992 bei ya maziwa iliachiwa soko, na kufikia mwisho wa 1993 soko la mahindi likafunguliwa. Chama kimoja na mnunuzi mmoja vilitikiswa katika kipindi kimoja, kwa shinikizo la watu walewale. Lakini kura za Desemba 29, 1992 zilipigwa wakati familia za Burnt Forest, jirani na hapa, zimekwisha kuchomewa nyumba katika mapigano ya kikabila. Asiyeweza kueleza ni kwa nini uhuru wa bei na moto vilikuja pamoja hana cha kufundisha katika mji huu.

Usiuze mali ya wakulima kisirisiri kisha ukaita mageuzi. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi hupita mbio. KCC (Kenya Co-operative Creameries) ilianzishwa na walowezi mwaka 1925, na baada ya uhuru ikawa mnunuzi wa maziwa ya kila boma lenye ng'ombe, kuanzia Nandi hadi Nyandarua. Ililindwa na sheria, ikazoea kulindwa. Wakuu wake waliwekwa kisiasa, malipo yakachelewa kwa miezi, na soko lilipofunguliwa mchuuzi mwenye mtungi na baiskeli akaishinda kwa sababu moja tu: alilipa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 shirika lilikuwa chini ya mfilisi. Mwaka 2000 likauzwa kwa kampuni binafsi kwa shilingi milioni 547, huku viwanda na ardhi yake vikiwa vimetapakaa nchi nzima. Serikali ya Rais Kibaki ililinunua tena mwaka 2003, na ndipo ikazaliwa New KCC.

Mfugaji hakuulizwa lilipouzwa, wala hakuulizwa liliporudishwa. Wapo wanaosema kisa hiki kinathibitisha ubinafsishaji ni mbaya, na wapo wanaosema kinathibitisha serikali haijui biashara. Mimi nakisoma tofauti. Shirika la umma na kampuni binafsi vyote vilimtendea mfugaji mamoja, kwa kuwa katika vyote viwili hakuwa na mahali pa kusimama akadai kitabu cha hesabu.

Fanya hivi kabla ya kujiunga na chochote: uliza kura inahesabiwaje. Katika kampuni, mwenye hisa elfu ana kura elfu. Katika chama cha ushirika, sheria inampa kila mwanachama kura moja, awe analeta lita tano au mia tano. Sheria hiyohiyo inampa haki ya kuhudhuria mkutano mkuu, kuchagua, kuchaguliwa, na kupata habari halali za chama chake. Hii ndiyo shule ya demokrasia iliyo karibu zaidi na boma lako, na haihitaji mfadhili. Basi itumie. Usiende mkutano mkuu kwa ajili ya soda na mkate. Usikubali hesabu isomwe upesi saa nane mchana, watu wakiwa na njaa, halafu "waliokubali wanyooshe mikono". Dai nakala siku kadhaa kabla. Uliza ni nani amekopeshwa, dhamana yake ni nini, na mkaguzi alilipwa na nani. Mwenyekiti akikuita mkorofi, kaa palepale mpaka ujibiwe.

Na wewe mwenyekiti uliyeshika kiti tangu watoto wako wakiwa chekechea, usije kwenye semina kuulaumu utawala wa Nairobi kwa kung'ang'ania madaraka.

Usimfanye broka shetani. Anafika shambani, ana pesa taslimu mfukoni, na karo inadaiwa Jumatatu. Amejaza pengo lililoachwa na wengine. Lakini usimuuzie kwa gorogoro wala kwa debe lililopigwa tumbo. Pima kwa mizani. Gunia la mahindi ni kilo 90, si kilo 90 na kilemba juu. Kausha mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, maana mahindi mabichi humpa sababu ya kukukata bei, na hapo atakuwa na haki.

Fanya hima kujifunza stakabadhi ghalani. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2019. Unaweka mahindi katika ghala lililoidhinishwa, unapewa stakabadhi inayotaja uzito na daraja, unaweza kuiweka dhamana ya mkopo au kungoja bei ipande. Mkulima asiyelazimika kuuza Novemba hababaishwi ovyo na broka, wala na mwanasiasa.

Usimpigie mtu kura kwa sababu ya bei ya gunia. Hili litawaudhi wengi, nami nalisema kusudi. Serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,200 msimu wa 2017, bei hiyo ilikuwa juu ya soko, na mahindi yakatokea hata pasipo na shamba. Mwaka 2018 wakulima wa huku walilala na malori nje ya maghala ya NCPB, bodi ya serikali ya nafaka, wengine walipeleka mazao wakakaa miezi bila malipo, ilhali wafanyabiashara wachache wakawa wamelipwa mamilioni kwa mamilioni. Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Msimu uliofuata serikali ikatangaza 2,300, kelele zikapigwa, ikapanda hadi 2,500. Hiyo si bei, ni mnada wa kisiasa. Tena mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iliuzwa kwa wakulima ndani ya mpango wa ruzuku, kupitia maghala yaleyale. Bei au mbolea inayotoka kwenye jukwaa la siasa humfikia kwanza mwenye namba ya simu ya mkubwa. Dai badala yake mambo makavu yasiyopigiwa makofi: barabara ya kwenda shambani, mashine za kukaushia, orodha ya wazi ya waliolipwa na NCPB pamoja na tarehe zao.

Fanya ombi kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, na sheria ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Barua moja yenye mhuri wa kupokelewa ina nguvu kuliko kulalamika hotelini mwezi mzima.

Usimchague mteja, mpangaji wala mfanyakazi kwa jina la ukoo wake. Eldoret haina haja ya kukumbushwa ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008: kanisa la Kiambaa lililochomwa watu wakiwa ndani, maduka yaliyoteketea, watu waliolala katika uwanja wa maonyesho kwa majuma na miezi. Barabara kuu ipitayo hapa ilipofungwa, mafuta yalikosekana mpaka Kampala na Kigali. Mwenye duka anayemwambia mwenzake "soko huru" mwaka mzima, kisha miezi mitatu kabla ya uchaguzi akamnyima fremu kwa sababu ya lugha anayoongea nyumbani, ameukataa ushindani kabisa. Chama cha wafanyabiashara kikikaa kimya juu ya hilo kisihesabiwe miongoni mwa watetezi wa demokrasia.

Fanya utaratibu wa kuhudhuria vikao vya Sheria ya Fedha ya kaunti. Humo ndimo ada ya leseni, ushuru wa mazao na kodi ya kibanda hupangwa. Mama mboga akifika baada ya sheria kupitishwa, atakutana nayo kwa askari wa kanjo.

Usishangilie orodha ya mauzo, wala usiipinge, kabla ya kuona majina. Novemba 2023 serikali ilitaja mashirika 11 ya kuuzwa, na matatu yanatugusa moja kwa moja: New KCC, Kenya Seed ya Kitale, na Rivatex. Rivatex ni kiwanda chetu cha nguo cha miaka ya 1970, kilichoangushwa na madeni na mitumba, Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007 kwa milioni 205, kikafufuliwa kwa mkopo wa India na kufunguliwa upya 2019. Mwaka 2024 Mahakama Kuu iliitangaza Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokasirika wakasema mahakama inawafukuza wawekezaji. Mwekezaji anayefukuzwa na swali la mkulima wa pamba aende salama.

Tangu 2020 kampuni hutakiwa kuwasilisha kwa Msajili majina ya wamiliki wake halisi, wale walio nyuma ya mawakili na masanduku ya posta. Kwa hiyo baraza la ushirikishaji kuhusu uuzaji likiitwa, fika mapema, keti mbele, na usimame kabla ya diwani kufunga kikao. Uliza haya, kwa utaratibu huu: mnunuzi ni nani kwa jina, ardhi imethaminiwa na nani, wafugaji na wakulima wametengewa hisa ngapi, na deni la maziwa yetu litalipwa tarehe ngapi. Hakikisha mwandishi wa kikao ameyaandika yote manne, kisha piga picha ukurasa huo.