Somo kwa Wazazi: Kijana Aliyekosa na Nyumba Yake

Mtoto akiletwa hospitali kwa sababu ya minyoo ya safura, twampa dawa, na minyoo hutoka. Lakini akirudi kwenye kiwanja kisicho na choo, akitembea miguu mitupu, baada ya miezi michache ataletwa tena, damu imempungukia kama mara ya kwanza. Mama atasema dawa ni mbaya. Sivyo, mama. Mtoto alitibiwa, kiwanja hakikutibiwa.

Ndivyo ilivyo kwa kijana wa miaka 15 aliyeiba, au aliyepiga watu, akashikwa na polisi. Huadhibiwa, hufungwa, hutoka. Anarudi katika nyumba ile ile, ambamo baba na mama wanagombana juu yake, na rafiki wale wale wanamngoja njiani. Hukaa kidogo, kisha ashikwa tena. Majirani husema, “Moyo wake ni mbaya tangu tumboni.” Wengine husema ana uchawi, na kumwita mtoto mchawi ni kosa mbele ya sheria ya Kongo. Wewe usikubali maneno hayo. Uliza kwanza habari za nyumba.

Jambo hili limepimwa. Katika mwaka 1973 wataalamu wawili wa Utah, Marekani, James Alexander na Bruce Parsons, walitoa habari za vijana waliofikishwa mahakamani. Wengine waliitwa pamoja na wazazi wao, wakafundishwa kusemezana: kusikiliza mpaka mwenzako amalize, kuomba neno kwa wazi, kupatana. Wengine hawakupewa msaada. Katika kila vijana 100 waliosaidiwa pamoja na wazazi, karibu 26 walikosa tena. Katika kila 100 wasiosaidiwa, karibu 50. Tena sikia hili, maana kwangu ndilo kubwa zaidi. Baadaye waliangalia ndugu za vijana hao. Katika kila nyumba 100 zilizosaidiwa, karibu 20 ziliona mtoto mwingine akifikishwa mahakamani. Katika zile zisizosaidiwa, karibu 40. Wadogo walipona kwa dawa aliyopewa mkubwa wao.

Katika jimbo la Missouri, Charles Borduin na wenzake waliwafuata vijana 176 waliokwisha kushikwa zaidi ya mara moja, wakatoa habari yao mwaka 1995. Wengine walishauriwa peke yao. Kwa wengine mshauri alikwenda nyumbani, akaketi na wazazi, akafika shuleni, akawajua rafiki. Baada ya miaka minne, katika kila 100 walioshauriwa peke yao, 71 walikuwa wameshikwa tena. Wale waliosaidiwa pamoja na nyumba zao walikuwa 26.

Si kila mahali palipoonekana faida hiyo. Huko Swedeni, na Uingereza ambako jamaa 684 zilifuatwa, kazi hii haikushinda msaada wa kawaida wa nchi zile. Lakini nchi zile zina wasaidizi wengi wa vijana. Penye wasaidizi wachache, nyumba ndiyo msaada wa kwanza, na mara nyingi ndiyo wa pekee.

Basi, mshauri hufanya nini akiingia nyumbani? Hatafuti mwenye hatia. Huuliza: kijana huyu humsikiliza nani? Pengine ni mjomba, pengine nyanya, pengine mwalimu wa kwaya. Huyo naye huitwa. Kisha mshauri huyageuza maneno makali yaonekane yalikotoka. Mama anapiga kelele kila jioni. Kijana asikia chuki. Mshauri humwambia, “Mama yako anaogopa kuletewa maiti yako.” Hapo kijana huinua macho.

Baadaye hushika neno moja tu, si kumi. Tuseme ni saa ya kurudi. Baba amesema saa kumi na mbili ya jioni, lakini mama humfungulia mlango usiku wa manane, kimya, na kumwekea chakula. Kijana amekwisha kujua kwamba nyumba hii ina sheria mbili. Wazazi wapatane kwanza wao wenyewe, mbali na watoto, saa ni ngapi, na akichelewa atakosa nini. Akirudi kwa wakati, aambiwe, “Tumeona, tumefurahi.” Wazazi wengi huona neno hili ni gumu kuliko fimbo. Fimbo humfundisha kijana kukimbia, naye hukimbilia kwa wale rafiki.

Kuhusu rafiki, kukataza peke yake hakutoshi. Jaza saa zake kwa kazi, masomo, mpira. Nenda ukawajue wazazi wa rafiki zake. Nenda kwa mwalimu kabla hajakuita. Na kama pombe iko nyumbani, ianze kuondoka hiyo.

Usiwasahau watoto waliobaki. Katika Luka 15 mwana mpotevu alirudi, lakini kaka yake alisimama nje kwa hasira, na baba alitoka kwenda kumsihi huyo pia.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yasema mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 18, na aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Mambo yake huamuliwa katika mahakama ya watoto, na hakimu aweza kumrudisha kwa wazazi. Kwa hiyo mzazi akiitwa, asikae nyumbani kwa aibu. Aende, aseme mbele ya hakimu ni nani atakayemwangalia kijana, na kwa njia gani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Mtoto wako mkubwa alikuwa wapi jana saa mbili ya usiku, na alikuwa na nani?
Katika nyumba yenu, ni neno gani ambalo baba hulikataza na mama huliruhusu?
Ni lini mara ya mwisho ulipomsifu?