Mganga wa Karema Aliyekuwa Mtumwa

Tuwafundishapo watoto wetu habari za watu walioipenda haki, mara nyingi twawatajia wafalme, maaskofu na viongozi wa nchi. Ni vema. Lakini huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, amelala mtu ambaye hakuwa mfalme wala askofu. Utotoni aliuzwa kama mbuzi. Alipokufa mwaka 1956 alikuwa amewatumikia wagonjwa wa pwani ile ya ziwa kwa muda wa miaka 67. Jina lake Adrian Atiman. Leo twaandika habari zake ili baba na mama wapate kuwasimulia watoto wao.

Alizaliwa mnamo mwaka 1866, karibu na mto Niger upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo aliponyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka kusini ya Aljeria. Huko Mapadre Weupe wakamnunua, si kwa kumtumikisha, bali kwa kumweka huru. Wakamlea na kumsomesha pamoja na wavulana wengine waliokombolewa kama yeye.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Wako wasemao kwamba kumkomboa mtumwa kwa fedha ni kumtajirisha mwuzaji, naye kesho ataiba mtoto mwingine. Neno hili si la kupuuzwa. Fedha ya ukombozi humwokoa mtoto mmoja. Haiwezi kuifunga njia ya msafara. Ndiyo maana Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, hakutosheka nayo. Mwaka 1888, kwa baraka ya Baba Mtakatifu Leo XIII, alikwenda Paris, London na Brussels kuwaambia watu wa Ulaya mambo yaliyokuwa yakitendeka katika Afrika, na kuwahimiza waikomeshe biashara ile. Mwezi wa Mei mwaka uleule Leo XIII alikuwa amekwisha kuwaandikia maaskofu wa Brazil barua juu ya utumwa. Lakini je, mtoto aliyefungwa kamba leo angengoja mpaka wakuu wa Ulaya wapatane? Sadaka humfungua aliye karibu. Sheria huwalinda wale tusiowaona. Anayeichagua moja na kuidharau nyingine hajaelewa bado haki ni nini.

Na turudi kwa Atiman. Kardinali alikuwa ameona jinsi wamisionari wa Ulaya walivyokufa kwa homa, tena jinsi mgeni alivyochukua muda mrefu kabla ya kuaminiwa. Akakusudia kuwafundisha uganga vijana Waafrika waliokombolewa, ili waishi kati ya watu, wakila na kukaa kama majirani wao. Mwaka 1881 akafungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, na Atiman akawa mmoja wa waliosoma huko. Alipomaliza, mwaka 1888, akatumwa Afrika ya Mashariki. Mwaka ule vita vya Abushiri na Wajerumani vilianza pwani. Yeye na wenzake wakaingia bara, na mwaka 1889 akafika Karema.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Kwa hiyo yule mtoto aliyeuzwa jangwani alijikuta tena kati ya watu waliokimbia misafara ya watumwa, na wengine waliokombolewa kutoka humo. Safari hii alikuwa na dawa mkononi. Alitibu vidonda, homa, ndui, na malale yaliyoziua jamaa nyingi kando ya ziwa. Elimu ya Malta haikumfanya adharau miti ya nchi. Aliwasikiliza pia waganga wa kienyeji akajifunza dawa zao. Tena alikuwa katekista, wala hakuzitenga kazi hizi mbili. Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa mtemi wa Kibemba, na mtoto wao Joseph akapewa upadre mwaka 1923. Mwaka 1946 maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe, yalichapishwa katika gazeti la wataalamu, Tanganyika Notes and Records.

Tusifiche jambo moja. Kijana huyu hakuwa amejichagulia njia. Wakubwa walimpangia masomo, wakampangia na nchi ya kutumwa, kama desturi ya siku zile. Mtu wa leo aweza kuuliza kama huo ni uhuru kamili, na swali lake ni la haki. Lakini kubaki miaka 67 si jambo la kuamriwa. Kwa elimu yake angeweza kutafuta mshahara mnono mahali pengine. Wakoloni wa Kijerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakaingia, naye akabaki palepale. Utumwa ulikatazwa kabisa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Basi kwa miaka 33 aliishi katika nchi ambayo jambo lililompata yeye lilikuwa halijakatazwa kabisa, akawatibu waliolipata, bila kungoja.

Watoto waelezwe pia habari za Mtakatifu Josefina Bakhita, maana wawili hawa ni kama ndugu. Naye alizaliwa mnamo mwaka 1869, Darfur katika Sudani, akaibwa na kuuzwa mara nyingi. Mwaka 1889, mwaka uleule Atiman alipofika Karema, mahakama ya Italia iliamua kwamba Bakhita hakuwa mtumwa wa mtu. Mmoja alifunguliwa kwa fedha ya sadaka, mwingine kwa sheria. Bakhita alitangazwa kuwa mtakatifu mwaka 2000, na tangu 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya kusali dhidi ya biashara ya watu.

Sala hiyo yatuhusu sisi nyumbani. Siku hizi mtoto haletwi na msafara. Huletwa na basi, pengine na shangazi au jirani, kwa ahadi ya shule. Akifika mjini shule haipo. Kuna vyombo, kuna mtoto mchanga wa kubeba, na mshahara unaopokelewa na mtu mwingine, kama unalipwa. Sheria ya mwaka 2008 yakataza biashara ya watu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14 na kumtumikisha mtoto yeyote kwa unyonyaji. Wengi wetu twasali rozari sebuleni huku mtoto wa namna hii yu jikoni, wala hatukumwita.

Jioni ya leo na aitwe, asali pamoja na jamaa. Kisha mama mwenye nyumba amwulize kwa upole: baba yake ni nani, kijiji chake ni kipi, aliacha shule darasa la ngapi, na ujira wake uko mkononi mwa nani. Ikionekana kwamba alichukuliwa kwa hila, wazazi wake watafutwe, na afisa wa ustawi wa jamii apewe habari.