Jifunze Kupima Afya ya Kijito Kinachopita Shambani

Katika mashamba ya Asumbi, vijito ndivyo vinavyonywesha mifugo. Nguo hufuliwa huko, na baadhi ya nyumba huteka huko maji ya jikoni. Mwishowe maji hayo huingia Ziwa Victoria. Wengi wetu hupima kijito kwa macho: maji yakiwa maangavu, tunasema ni mazima. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu maji yanaweza kuwa maangavu leo ilhali wiki iliyopita yalibeba dawa ya kunyunyizia mimea.

Viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe ni mashahidi wazuri zaidi. Wengi wao hukaa majini kwa wiki au miezi na hawawezi kwenda mbali. Udongo wa shamba ukisombwa na mvua, huziba nafasi kati ya mawe wanamojificha. Samadi na mbolea zikizidi, hewa ya oksijeni majini hupungua. Wale dhaifu hutoweka kwanza, na wale sugu hubaki.

Kipimo kinachoitwa miniSASS, kilichotengenezwa Afrika Kusini, hutumia viumbe hao. Hakihitaji maabara.

Vifaa

Beseni au sinia jeupe, chujio lenye mpini, gambuti, kalamu na daftari. Usiingie majini bila gambuti, kwani kichocho huambukizwa kupitia ngozi. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji safi. Watoto wasiende bila mtu mzima.

Hatua

1. Chagua siku ambayo maji yametulia, si mara baada ya mvua kubwa. Mafuriko huwasomba viumbe.

2. Chagua sehemu mbili zinazofanana: moja juu ya mashamba au mahali pa kunyweshea ng'ombe, nyingine chini yake. Kama ya kwanza ina mawe na maji yaendayo kasi, ya pili nayo iwe hivyo.

3. Anza na sehemu ya chini ili usichafue maji utakayopima baadaye. Kwa takriban dakika tano, vuruga mawe, mchanga na majani ya ukingoni huku chujio likiwa upande maji yanakoelekea.

4. Mwaga ulichopata kwenye beseni lenye maji kidogo. Hesabu aina, si idadi. Konokono mmoja au ishirini ni aina moja.

5. Andika alama, kisha warudishe viumbe majini.

Alama za viumbe

17: mdudu wa mawe mwenye mikia miwili na kucha mbili kwa kila mguu.
11: meiflai mchanga mwenye matamvua ubavuni na mikia miwili au mitatu.
9: mdudu kama kiwavi, baadhi hujijengea kifuko cha mchanga au vijiti.
6: kaa na kamba wadogo, pia kerengende mchanga, mnene.
5: mende na kunguni wa maji, pia meiflai mdogo aogeleaye kwa kasi kama kisamaki.
4: konokono, pia kerengende mwembamba mwenye mikia mitatu kama majani.
3: mnyoo bapa.
2: minyoo mingine, ruba, na viluwiluwi vya mbu na nzi.

Jumlisha alama, kisha gawanya kwa idadi ya aina.

Mfano

Tuseme sehemu ya juu ina meiflai wa alama 11, mdudu wa kifuko (9), kaa (6) na kerengende mnene (6). Jumla ni 32. Ukigawanya kwa aina 4, unapata 8. Sehemu ya chini ina konokono (4), minyoo (2), ruba (2) na viluwiluwi vya nzi (2). Jumla ni 10. Kwa aina 4 ni 2.5. Tofauti hiyo inakuonyesha mahali pa kutafuta tatizo: kati ya sehemu hizo mbili.

Alama hizi zilipangwa kwa mito ya Afrika Kusini. Huku kwetu aina za mdudu wa mawe ni chache, hivyo kumkosa peke yake si ushahidi wa uchafuzi. Linganisha kijito na chenyewe: juu na chini, msimu huu na mwaka ujao msimu huo huo.

Jambo moja lisisahaulike. Kipimo hiki hakionyeshi vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Hata kijito chenye alama ya juu, maji yake yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.

Alama zikishuka

Tembea ukingoni kati ya sehemu hizo mbili. Je, shamba limelimwa hadi majini? Ng'ombe wanaingia kijitoni? Pampu za dawa huoshewa hapo? Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto au kijito ndani ya mita 6 hadi 30 kila upande, kutoka kiwango cha juu cha mafuriko kilichorekodiwa. Panda nyasi za kuzuia udongo na miti ya kienyeji ukingoni, chotea ng'ombe maji kwenye birika, na oshea pampu mbali na kijito.

Zungumza na majirani walio juu na chini yako, kisha pelekeni daftari lenu kwa jumuiya ya watumiaji maji au kwa msimamizi wa wadi. Daftari lenye tarehe, mahali na alama za misimu kadhaa ni ushahidi unaoweza kufuatiliwa.