Jumanne: Kutoka Juu ya Dari

Soma 2 Samweli 11:1-5. Daudi alipouliza habari za mwanamke aliyemwona akioga, alijibiwa nini? Jibu hilo lilipaswa kumzuia jinsi gani?

Mfalme alitajiwa jina la mwanamke huyo, la babaye na la mumewe. Bathsheba hakuwa tena umbo tu lionekanalo kwa mbali; alikuwa binti wa Eliamu, mke wa Uria, askari aliyekuwa vitani kwa ajili ya mfalme huyohuyo. Hata hivyo Daudi alituma wajumbe.

Mwaka 1654 Rembrandt alimchora Bathsheba akiwa uchi, ameshika barua. Picha hiyo iko Louvre, Paris. Biblia haitaji barua yoyote kwa Bathsheba. Barua iliyomo katika sura hii ilimhusu Uria (fungu la 14), nayo ilimuua. Wachoraji wengi wamemvua Bathsheba nguo vivyo hivyo, na kila atazamaye husimama aliposimama Daudi. Ajabu ni kwamba Nathani hakumkemea mwanamke hata kidogo (2 Samweli 12:1-9).

Picha ya binti inapofika kwenye simu yako bila jina wala ukoo, ungeuliza nini kabla ya kuendelea kuitazama, au kuituma kwa mwingine?