Sura ya Mtu na Ridhaa Yake

Katika arusi za Mombasa, usiku wa kupamba, bibi arusi aketishwapo juu ya jukwaa, kichwa wazi, hina imekolea mikononi na asumini zimemjaa nywele, mara nyingi huwapo mlangoni mama mtu mzima aliyepakata kikapu, na kazi yake ni moja tu, kuzipokea simu za waalikwa na kuzihifadhi mpaka shughuli iishe. Mgeni asiyeijua ada hii huenda akaiona kuwa ni inda. Lakini mama yule, pasipo kufungua kitabu chochote cha kanuni, amekwisha kulifahamu jambo ambalo wengi wetu hatujalifahamu bado: kumruhusu mtu akutazame si kumruhusu aieneze sura yako.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyotungwa ili kuitia nguvu haki ya faragha iliyomo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya, huihesabu picha ya mtu anayetambulikana kuwa ni taarifa yake binafsi. Atakaye kuitumia kwa biashara au matangazo hana budi kuwa na ridhaa ya mwenyewe. Na akidai kwamba ridhaa aliipata, dhima ya kuthibitisha iko juu yake yeye, wala si juu yako. Ridhaa iliyotolewa jana yaweza kuondolewa leo. Ama mtoto, picha yake hungoja idhini ya mzazi au mlezi. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza skuli moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazee wao, na baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuitia mtandaoni sura ya mteja aliyekwenda kujiburudisha. Yamkini mwenye baa alidhani anatangaza furaha ya wateja wake. Furaha ile, hata hivyo, haikuwa mali yake.

Tuseme kweli pia kwamba sheria hii haiingii katika mambo ya ndani ya nyumba na jamaa. Shangazi aliyeituma picha yako katika kundi la ukoo hapelekwi kwa Kamishna. Huyo huambiwa kwa adabu, "Shangazi, shikamoo, naomba uniondolee ile," na aghalabu huiondoa, ingawa baada ya maneno mawili matatu.

Kuhusu simu yenyewe, fahamu kwamba picha yaweza kubeba ndani yake majira ya siku na mahali ilipopigwa, na ukiituma WhatsApp kwa njia ya faili, habari hizo zaweza kwenda nayo. Basi kwenye mipangilio ya kamera zima kitambulisho cha mahali. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, lakini skrinshoti aliyoichukua mtu haitoweki. Picha ya wasifu nayo waweza kuiwekea mpaka, ionwe na wale tu uliowaandika katika simu yako.

Ukiikuta sura yako mahali usipoiweka, usikimbilie kugombana, kwani mkosaji akishtuka huifuta, nawe ukabaki na hasira bila ya ushahidi. Kwanza piga skrinshoti yenye jina la akaunti, tarehe na anwani ya ukurasa. Kisha mwandikie aliyeitumia, umtake aiondoe. Tena itafute kwa Google Lens, ujue imefika wapi. Ikiwa ni picha ya faragha ya mwili, jambo ni zito zaidi: Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na mitandao humpa mwenye kuisambaza faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Anayekutisha kwa picha ya namna hiyo usimpe hata senti moja, kwa maana akishalipwa hurudi. Yahifadhi maneno yake yote, uende kituo cha polisi.

Aliyeitumia picha yako kwa biashara, akikataa kuiondoa, mshitaki kwa Kamishna. Sheria imempa siku 90 za kulichunguza shauri lako na kulimaliza.