Printa ya Picha Haipendi Kukaa Bure

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, inajua uchapaji tangu zamani. Vitabu vingi vya sala na vya dini vilivyosomwa na Wakatoliki wa nchi hii vina maneno "T.M.P. Book Department, Tabora" kwenye kurasa za mwanzo, na mitambo ya misheni iliyovichapa ilikuwa hapa hapa. Lakini picha ya familia bado inapakiwa kwenye simu, inapelekwa mjini Tabora kusafishwa, na inarudi siku mwenye duka akipata nafasi. Wengine hawaendi kabisa. Simu inaibiwa au inatumbukia majini, na picha za marehemu bibi zinapotea nayo. Ndiyo maana nafurahi kila nikisikia mtu wa huku anataka kununua printa ya picha ya kuweka nyumbani. Ninamwekea sharti moja tu: awe na cha kuchapa kila wiki.

Mashine hizi haziuawi na kazi, zinauawa na kukaa bure. Wino wake ni maji yaliyotiwa rangi, na unapita kwenye matundu membamba kuliko unywele. Tabora kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni nadra, hewa ni kavu, na vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Ukiiacha printa bila kuigusa tangu Pasaka, utakapoiwasha Krismasi utakuta nyuso za kijani, kwa sababu matundu ya rangi moja yameziba. Kwa hiyo kama mahitaji yako ni picha ishirini za sikukuu, zipeleke studio mjini. Utatumia fedha kidogo zaidi na hutapata presha.

Mwenye kazi ya kila wiki anajijua. Huku kuna upadrisho na ushemasi, jubilei, komunyo ya kwanza, kipaimara, harusi, mahafali, na fomu za shule zinazodai picha za pasipoti kila Januari. Wiki isiyo na mteja, chapa picha moja ndogo yenye rangi zote, ya mtoto au ya jirani, umpe zawadi. Hiyo ndiyo dawa ya matundu, na ni rahisi kuliko fundi yeyote.

Sasa mashine yenyewe. Usivutwe na printa ya bei poa yenye katriji ndogo. Picha inafunika karatasi nzima kwa wino, tofauti na barua, na katriji ile itakwisha kabla hujaizoea. Nunua yenye matangi ya kujaza kwa chupa. Epson L3250 ina rangi nne: nyeusi, sayani, majenta na njano. Inatosha kwa nyumba yenye wanafunzi inayochapa picha mara kwa mara. Anayetaka kuuza picha atafute ya rangi sita, kama L805 au L8050, ambayo imeongezewa sayani nyepesi na majenta nyepesi. Tofauti utaiona kwenye paji la uso na mashavu, pale mwanga unapohama polepole kuingia kivulini. Ya rangi nne huweka vidoa vidogo vidogo pale, ya rangi sita hulainisha. Canon nyingi za mfululizo wa G ni imara na zinachapa maandishi vizuri sana, lakini wino wake mweusi umetengenezwa kwa karatasi za kawaida. Kwenye karatasi ya picha mashine inauacha na kutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi nyingine tatu, na weusi huo haukolei sana.

Kuna jambo la ndani ambalo mnunuzi anapaswa kulijua. Canon na HP hutoa wino kwa joto: kipashio kidogo mno kinauchemsha, povu linasukuma tone. Epson hutumia kidude kinachojikunja umeme ukipita, kikakamua tone bila joto lolote. Hedi, yaani kichwa chenye matundu ya wino, ikiwa ni ya joto na ikaendeshwa bila wino inaungua, ila katika mashine nyingi za aina hiyo unaweza kununua nyingine na kuipachika mwenyewe. Hedi ya Epson inadumu zaidi, lakini imejengwa ndani, na ikiharibika kabisa gharama yake inakaribia kukushawishi ununue mashine nyingine. Basi ukiuziwa iliyotumika, usilipe kabla hujaona karatasi ya kipimo cha matundu ikitoka mbele ya macho yako. Mistari ikiwa imekatika, mwambie muuzaji aisafishe na kupima tena ukiwepo. Akisema "itafunguka ukiitumia tumia", aga uondoke.

Kama unaisafirisha ikiwa na wino, kwa basi au kwa treni ya Reli ya Kati, isilazwe ubavu. Baadhi ya modeli, kama L805, zina kiswichi cha kufunga njia ya wino wakati wa safari. Kifunge, na ukifika ukumbuke kukifungua kabla ya kuchapa.

Nyumbani iweke mezani, mbali na dirisha linalotazama barabara na mbali na jiko la mkaa. Ifunike kwa kitambaa safi kila ukimaliza, na usiache karatasi zimesimama kwenye trei ya nyuma usiku kucha. Vumbi linalotua juu ya karatasi ndilo linaloingia ndani kesho yake likiwa limepanda karatasi hiyo hiyo.

Umeme nao unaua printa. Izime kwa kitufe chake, kamwe usiizime ukutani. Sikiliza siku moja uone: ukibonyeza kitufe, hedi inakimbia hadi pembeni, unasikia mlio mdogo, kisha kimya. Pale imekalia kifuniko chake laini cha mpira kinachozuia matundu yasikauke. Ukivuta plagi kabla ya hapo, hedi inabaki wazi katikati ya njia. Umeme wa TANESCO ukikatika unapochapa hali huwa hiyo hiyo, kwa hiyo ukirudi tu iwashe, iache hedi irudi kwenye kifuniko, ndipo uendelee au uizime. Printa ya wino inakula umeme kidogo mno, hivyo hata UPS ya kompyuta moja inatosha kukupa dakika za kumaliza picha na kuizima kwa utaratibu.

Chapa kipimo cha matundu mara moja kwa wiki. Ukiona mstari umekatika, safisha hedi mara moja kwa amri ya mashine, pima tena. Bado? Rudia mara moja au mbili. Baada ya hapo acha, zima, ulale. Mara nyingi tatizo ni viputo vya hewa kwenye mirija, na vikipewa saa 12 vinapanda vyenyewe. Anayesafisha mara kumi mfululizo anamwaga wino wake wa fedha kwenye sponji ya uchafu iliyo chini ya mashine.

Kuhusu wino, usiruhusu ushuke chini ya alama ya mwisho kwenye tangi, maana hewa ikiingia kwenye mirija utatumia wino mwingi kuitoa. Usichanganye kampuni mbili kwenye tangi moja. Na angalia chupa vizuri, maana madukani kuna wino wa kuhamishia picha kwenye vikombe na fulana, umewekwa rafu moja na wa kawaida na chupa zinafanana. Huo ukiingia kwenye printa yako ya picha, rangi zinapauka na kugeuka, na kuuosha ni kazi ya siku nzima.

Karatasi nunua ya picha hasa, uzito wa gramu 200 kwenda juu, saizi ya sentimita 10 kwa 15. Upande wa kuchapa unaujua kwa kidole chenye unyevu kidogo: ukigusa pembeni, upande unaonata ndio wenyewe. Kisha kwenye setingi chagua aina ya karatasi uliyoweka. Wengi huruka hatua hii. Mashine ikidhani umeweka karatasi ya kawaida, inapunguza wino na picha inatoka imepauka, halafu lawama zinaangukia printa. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, pakiti iliyofunguliwa ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, maana karatasi inayovuta unyevu inajikunja na kushikana.

Nimefika mahali ambapo kazi ya picha inashinda au inaharibika: nyuso zetu. Picha inayopendeza kwenye kioo cha simu ikitoka kwenye karatasi uso unakuwa giza, macho na meno ndiyo yanaonekana. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, wakati karatasi inategemea mwanga wa chumba. Na tatizo lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Akitoka vizuri yeye, kazi imekwisha. Kodak ilipokuja kuboresha filamu zake ili zishike rangi za kahawia, msukumo mmojawapo ulikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Leo hakuna sababu ya kungoja mtu mwingine atupimie rangi. Kila mwenye printa atengeneze kadi yake mwenyewe.

Fanya hivi. Chukua picha moja nzuri ya uso wa mtu wa nyumbani kwako, mwenye rangi kama ya wateja wako wengi. Punguza mwanga wa kioo cha simu hadi nusu. Kwa programu kama Snapseed, tengeneza nakala nne: ya kwanza iache ilivyo, nyingine tatu ongeza mwanga wa vivuli hatua kwa hatua. Ongeza vivuli tu, usiongeze mwanga wa picha nzima, la sivyo shati jeupe litaungua. Zipange nne kwenye karatasi moja, zipe namba, chapa. Ikikauka toka nayo nje, simama kwenye kivuli cha mwembe, kisha irudishe ndani chini ya taa. Tazama tundu la sikio, pembeni mwa pua, na pale nywele zinapoanzia. Namba ambayo sehemu hizo zinaonekana wazi, na ngozi bado ina rangi yake, ndiyo kipimo chako. Bandika karatasi hiyo ukutani juu ya mashine na uandike ulichoongeza. Kila picha itakayokuja ipitie hapo kwanza.

Kufungua vivuli si kumng'arisha mtu. Kuna mapambo ya kwenye simu yanayobadilisha mama wa miaka sitini kuwa msichana mweupe asiye na mikunjo. Mteja atafurahi siku hiyo, lakini miaka ishirini baadaye wajukuu watauliza huyu ni nani. Nakusihi uikatae kazi hiyo, au angalau umchapie pia nakala halisi.

Nusu ya matatizo inakwisha wakati wa kupiga. Mtoto wa komunyo aliyevaa nguo nyeupe huidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama. Gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga, upandishe mwanga kidogo. Saa sita mchana mwondoe juani, msimamishe kivulini akitazama upande wa uwazi. Na mteja akikutumia picha kwa WhatsApp, mwombe aitume kama faili la kawaida, isibanwe. Picha ya 10 kwa 15 inahitaji nukta kama 1,200 kwa 1,800, ya A4 kama 2,480 kwa 3,508. Iliyobanwa na kupitia makundi matano haifiki huko.

Picha za pasipoti ndizo zitakazolipia wino. Zile za milimita 35 kwa 45 zinaenea nane kwenye karatasi moja ya 10 kwa 15, nne kwa safu mbili. Lakini soma fomu kwanza, saizi na rangi ya nyuma vinatofautiana. Viza ya Marekani, kwa mfano, inataka milimita 51 kwa 51. Ukipanga bei, hesabu karatasi, wino, na zile zilizoharibika. Wengi wanasahau hizo za mwisho na kushangaa faida imekwenda wapi.

Picha iliyotoka usiiweke kwenye fremu siku hiyo hiyo hata kama ukiigusa ni kavu. Ipe saa 24 ikiwa wazi kivulini, la sivyo kioo kitaingia ukungu kwa ndani. Itundike ukuta usiopigwa na jua, na wala si ule unaovuja mvua, kwa sababu wino wa matangi haya unafutika kwa jua na unachuruzika kwa maji.

Kuna siku mashine itakataa kuchapa na kukuambia sponji ya uchafu imejaa. Haijafa. Mashine mpya kadhaa zina kisanduku cha uchafu unachobadilisha mwenyewe kwa dakika moja. Kwa nyingine fundi atakuambia anaweza kurudisha hesabu kwenye sifuri kwa kompyuta, na mashine itaamka kweli. Mkatalie mpaka abadilishe sponji kwanza. Wino uliojaa pale haujaondoka kwa sababu hesabu imefutwa, na ukifurika utashuka kwenye meza, kwenye sakafu, na kwenye saketi za mashine.