Aliyegongwa na kuinuka huenda bado yumo hatarini

ALASIRI, jua linapopunguza makali, watalii huteremka kutoka Fort Jesus na kuingia Ndia Kuu kutazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Vichwa viko juu, kamera ziko machoni. Ghafla pikipiki yenye abiria wawili yachomoza kichochoroni, honi ikilia. Wenyeji wanajibandika ukutani bila hata kukatiza mazungumzo. Mgeni, ambaye hajui honi ile inasema nini, anasimama pale pale katikati ya njia au anarukia upande usiofaa. Usukani unampiga nyonga, anaanguka, kisogo kinagonga ukingo wa baraza. Anainuka, anajipangusa vumbi, anatabasamu kwa haya na kusema hajambo. Watu wanamshukuru Mungu, soda inaletwa, pikipiki yaondoka.

Mfano huu si wa mtu mmoja. Mkaazi yeyote wa Kibokoni, Kuze au Bondeni ataufahamu upesi. Wiki hii tutautumia kueleza kwa nini watu hugongwa mahali kama pale, na hasa kile kinachoweza kuendelea ndani ya mwili wa majeruhi baada ya watu kutawanyika.

Tuanze na mwendo. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao dereva mwenyewe atauita wa pole, hupita mita 11 katika kila sekunde. Dereva huhitaji takriban sekunde moja kuona hatari, kuamua na kubana breki. Mita 11 zimekwisha kabla gurudumu halijapunguza lolote, na nyingine kama 9 zahitajika kabla halijasimama. Jumla ni mita 20. Katika vichochoro vingi vya Mji wa Kale huwezi kuona mita 20 mbele, maana njia inapinda na kona za nyumba zimefika hadi njiani. Kwa kilomita 20 kwa saa, jumla hiyo hushuka hadi mita 8 hivi.

Nguvu ya kishindo nayo haikui sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani (WHO) husema kuwa mtembeaji anayegongwa na gari liendalo kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya yule anayegongwa kwa kilomita 50. Kilomita 50 kwa saa ndicho kikomo cha sheria ya Kenya mijini. Lakini kikomo hicho chafaa barabara pana kama Digo na Abdel Nasser, si njia ambayo mtu akipishana na mkokoteni hulazimika kubana tumbo.

Njia zenyewe ni kongwe kuliko gari. Zilifuata miguu ya watu na punda, na mwanzoni mwa karne ya 20 vyombo vilivyojulikana sana Mombasa vilikuwa vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa na watu kwa mikono. Pikipiki za abiria ziliongezeka kwa kasi nchini baada ya serikali kuziondolea kodi zile zenye injini ndogo katika bajeti ya 2007/2008. Ni rahisi kuwalaumu vijana wanaoziendesha, na wengine wanastahili lawama. Hata hivyo, kijana aliyekodishiwa pikipiki anadaiwa hesabu ya mwenyewe kila jioni, awe amepata abiria au hakupata. Mwendo wake hauamuliwi na mkono wake peke yake.

Kwa nini mgeni huumia upesi kuliko mwenyeji? Kwanza ni honi. Katika nchi nyingi za Ulaya honi ni kemeo au onyo la hatari kubwa, nadra kusikika. Kwetu honi ni salamu, ni ombi la njia, ni tangazo la kuwa nafasi ipo. Isitoshe, baina ya kuta ndefu mlio hurudi kwa mwangwi, na asiyepazoea hawezi kujua unatoka upande gani. Pikipiki za umeme, ambazo zimeanza kuenea nchini, zimeleta shida iliyo kinyume, kwani hufika kimya.

Pili ni upande wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Mjerumani, Mwitaliano na Mwomani wamezoea kulia, hivyo shingo zao hugeuka zenyewe upande usio na gari. Mazoea haya hayaheshimu cheo. Tarehe 13 Desemba 1931, Winston Churchill, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Uingereza, alishuka kwenye teksi mjini New York, akavuka barabara ya Fifth Avenue huku akitazama upande aliouzoea kwao, na gari likamgonga. Aliumia kichwa na mbavu, akalazwa hospitalini. Msomaji anayejiandaa kwa Umra, au kwenda kwa jamaa Muscat na Dubai, ajue kuwa huko mgeni atakuwa yeye. Ni vivyo hivyo kwa abiria wa basi anayevuka kutoka Uganda kuingia Rwanda au Kongo: alale upande mmoja, ashuke upande mwingine. Na anayekwenda Unguja hapumui pia, maana Mji Mkongwe una vespa zinazopita mlangoni mwa watu.

Sasa turudi kwa yule mgeni aliyesema hajambo. Kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo hupita mishipa ya damu. Pigo la upande wa kichwa, juu kidogo ya sikio, laweza kuvunja mfupa mwembamba wa hapo na kuchana mshipa. Majeruhi aweza kuzimia kidogo, kisha akaamka, akazungumza na hata kucheka. Wakati huo damu inajikusanya polepole na kuanza kuusukuma ubongo. Saa chache baadaye kichwa humuuma vibaya, hutapika, husinzia, na asipofanyiwa upasuaji haraka hufa. Kwa wazee kuna damu ya aina nyingine inayovuja taratibu zaidi, ambayo dalili zake huweza kuchelewa kwa siku au hata majuma. Wazungu wengi wenye umri mkubwa wanaoletwa na meli za kitalii Kilindini, na wazee wetu wenye maradhi ya moyo vilevile, hutumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwao hata pigo dogo la kichwa ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la maana la kumuuliza majeruhi mzee, kabla ya soda, ni: unatumia dawa gani?

Tumbo nalo lina siri zake. Usukani unapompiga mtu chini ya mbavu za kushoto, bandama yaweza kupasuka bila ngozi kuchubuka. Tazama kama anabadilika rangi, anatoka jasho jembamba la baridi, anaona kiu sana, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, au analalamika maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuguswa. Huyo anavuja damu ndani.

Kosa tunalolifanya mara nyingi ni kumwinua mtu upesi. Umati hugawika makundi mawili, moja linamshika dereva na kuanza kumpiga, jingine linambeba majeruhi mikono na miguu na kumkunja ndani ya tuktuk. Mfupa wa shingo uliovunjika waweza kukata uti wa mgongo katika safari hiyo ya hatua tano. Kama hakuna hatari nyingine mahali pale, mwache alale alivyo, mtu mmoja apige magoti na kukishika kichwa kisiyumbe, na wengine wazuie njia. Akiwa amezimia lakini anapumua, na anatapika, mgeuzeni ubavu, kichwa, shingo na mgongo vikienda pamoja kama gogo. Helmeti ya dereva isivuliwe isipokuwa hapumui.

Damu ikitoka, leso safi iliyokunjwa ikandamizwe juu ya jeraha bila kuachiliwa. Ikilowa, ongeza ya pili juu yake, usiifunue ya kwanza. Unga wa kahawa, tumbaku na mafuta ya taa havizuii kitu, vinatia uchafu na kumpa daktari kazi ya kusafisha. Muundi uliovunjika ufungwe kwa ubao au kwa gazeti nene lililokunjwa, ukivuka kifundo cha mguu na goti. Asipewe chai, maji wala soda, kwani huenda akahitaji upasuaji, na tumbo lililojaa ni hatari anapotiwa dawa ya usingizi.

Aliyegonga kichwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani au hotelini asilale peke yake usiku wa kwanza. Kutapika mara kwa mara, usingizi usioamshika, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyenzake, maji au damu kutoka sikioni au puani, maneno kuchanganyika, au mkono mmoja kulegea: lolote kati ya haya ni la kurudishwa hospitali usiku huo, si asubuhi. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado twaiita Makadara, haiko mbali na Bondeni. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na neno ni mtu, si raia, hivyo mgeni asirudishwe mlangoni kwa kukosa pesa.

Dereva aliyemjeruhi mtu anatakiwa na sheria ya trafiki kusimama na kupiga ripoti kwa polisi ndani ya saa 24. Andika nambari ya pikipiki kabla haijaondoka, na jina la shahidi mmoja mwenye duka hapo, maana mgeni wa watu atakuwa amekwisha safiri siku fomu ya P3 itakapoulizwa.